Barabara Isiyolimwa

Mei 2, 1867

Permelia mwanangu, uliponiachia daftari hili ulisema niandike habari za ukoo, ili wanao wajue wametoka kwa watu gani. Haya. Waambie wametoka kwa Kezia Tuttle, mwanamke mwenye bahati kuliko wote waliowahi kuvuka Mto Missouri wakiwa wamekalia gunia la unga. Sijisifu, nasema kilichopo.

Nimezaa watoto watano, na wote watano wanakula. Tafuta mwanamke mwingine kwenye barabara hii, kuanzia Missouri mpaka milimani, anayeweza kusema hivyo. Utachoka wewe na farasi wako. Nina mume, baba yako Asa, ambaye hajui kusema uongo; akijaribu tu, masikio yanakuwa mekundu kama upanga wa jogoo. Nina jiko la chuma. Nina nyumba ya mapande ya udongo na nyasi, ambayo tangu ijengwe imeniangushia nyoka wawili tu, na mmoja alikuwa mdogo. Na nina pai. Majenerali wamekula pai yangu ya plamu mwitu, na wahubiri, na wezi wa farasi, na akina mama wa Kipawnee, wenye bonde hili kabla hatujaja kulikanyaga, wakinipa nyama kavu wachukue mkate. Bwana mmoja mwenye wake watano alichukua vipande vitano akasema anawapelekea, akavila vyote nyuma ya zizi. Wengine wanasafiri kuiona dunia. Mimi dunia imepita mlangoni kwangu ikiomba maji ya kunywa.

Shule nilikwenda misimu miwili ya baridi, mpaka mwalimu akaoa. Neno likikosa herufi, ongeza mwenyewe.

Babu yako Ezra aliuza saa za ukutani kule Ohio, na kila mara alihama kabla wanunuzi hawajagundua. Bibi yako alimfuata akiwa na watoto kumi na jogoo mmoja. Hao ndio watu wako. Kisha mimi na Asa tukafunga safari ya Oregon mwaka wa hamsini, wewe ukiwa na miaka mitano na Lyman akiwa bado ananyonya, na tukaishia hapa kando ya Mto Platte kwa sababu maksai walichoka.

Ulipokuwa unaondoka uliniuliza pale mlangoni kama kulikuwa na mtoto mwingine aliyelala kando yako ndani ya gari. Nilikwambia ni mbwa. Basi, hayo yamekwisha.

Mei 5

Mvua. Gari moja limepita. Halikusimama.

Mei 12

Moshi wa treni unaonekana ng'ambo ya mto asubuhi na jioni. Zamani, mwezi kama huu, sikuweza kuvuka barabara kwenda kuchota maji bila kungoja magari ya maksai yapite, turubai jeupe baada ya jeupe, mpaka unasahau ulikuwa unakwenda wapi. Asa alikuwa akiwapa wasafiri maksai mmoja aliyepumzika, akachukua wao wawili waliochoka, na baada ya wiki mbili wale wawili wamenona, wanabadilishwa tena. Sasa anakaa kwenye uzio akiwatazama maksai wake kama mtu aliyealika watu harusini wasije.

Nora Scanlon amekuja kuazima chumvi. Huyu ni mjane kutoka Ireland, jirani yetu wa pekee. Amezika watoto wawili nyuma ya nyumba yake, akawazungushia uzio, na kila Jumapili anakwenda kung'oa magugu na kuwasimulia habari za wiki. Analia kama paa letu: mvua imeshaacha, lenyewe bado linadondosha. Nimempa chumvi na kumwambia machozi yake yangetosha kuunga supu. Hakucheka. Watu wengine hawana uwezo wa kuchekeshwa.

Mei 13

Mvua. Huldah amesoma sura moja ya Biblia na kuvunja sahani mbili.

Mei 21

Leo Lyman ameweka kijiko chini katikati ya chakula. Kijana wa miaka kumi na minane kuacha maharage na nyama ya nguruwe yanapoa, ujue kuna jambo.

"Baba," akasema, "barabara imekufa. Huku kwingine kote ni mchanga, na udongo mzuri uko pale pale magari yalipopita. Tumewapa wageni waukanyage miaka kumi na saba. Mzee Haskell wa ng'ambo atatuazima plau kubwa na jozi tatu za maksai tuongeze na wetu. Nailima barabara mwezi ujao, Septemba napanda ngano."

Asa akaitazama sahani yake.

"Na wateja wangu wapite wapi," nikasema, "juu ya paa?"

"Wateja gani, Mama? Wiki hii umemuuzia pai mtu mmoja, na mwenyewe alikuwa amepotea."

Huldah akacheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Wadogo wawili, Amos na Jabez, wakacheka kwa sababu Huldah amecheka.

"Barabara hailimwi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

"Basi mimi nakwenda kwenye reli. Wanachukua vijana wa kutandika vyuma. Ama nilime hapa, ama niondoke, Mama. Pai hazitatuvusha baridi."

Mimi nilimtazama Asa aseme. Akasema, "Kula, Lyman."

Mei 22

Nimeungua mkono kwenye jiko. Pai nayo imeungua.

Mei 30

Lyman amesafisha nira zote. Haongei nami ila kwa heshima, na heshima ya mtoto wako mwenyewe ni kitu kibaya sana.

Nora amerudisha chumvi. Habari ya plau ameshaipata, huku habari zinasafiri na kuku. Akakaa, akanywa kahawa, akasema, "Bi. Tuttle, kijana anayetaka kulima karibu na mama yake, mwache alime. Mimi ningempa hata sakafu ya nyumba."

"Wewe huna wa kumpa," nikasema.

Lilitoka tu. Akakiweka kikombe mezani polepole, kama kimejaa, na kilikuwa kitupu.

"Kweli," akasema, "sina. Wewe umebahatika, hujui."

"Ndiyo. Nimebahatika."

Akajifunga mtandio akaenda. Nimekaa nikikitazama kile kikombe mpaka Huldah akakiosha.

Juni 3

Hakuna gari. Upepo.

Juni 8

Plau imekuja. Ni kubwa kama mlango wa kanisa, na jozi sita za maksai zimefungwa mbele yake. Lyman alizileta hadi ukingo wa barabara asubuhi. Mimi nilikuwa nimeshatoka na kiti changu, ubao wangu na unga wangu, nimekaa katikati, kwenye mitaro ya magurudumu.

"Mama, ondoka."

"Nakanda mkate. Huoni?"

"Katikati ya barabara?"

"Hapa kuna upepo mzuri. Unga unapenda upepo."

Maksai wa mbele akanyoosha shingo akaulamba ubao. Amos na Jabez wakashangilia. Asa alikuwa amesimama kando ya zizi na kofia mkononi, na Lyman akamgeukia. "Baba, mwambie." Asa akaitazama kofia. Lyman akaja mpaka miguuni pangu, akachuchumaa, akakunja mjeledi kwenye mapaja yake. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu.

"Nipe sababu moja, Mama. Isiwe mzaha."

Nikautafuta mzaha. Haki ya Mungu niliutafuta. Miaka yote haujawahi kunikosa, hata nyoka alipoangukia kwenye supu nilikuwa na neno la kusema. Sikuupata.

"Ndugu yako yuko chini," nikamwambia.

Juni 9

Permelia, hakuwa mbwa.

Alikuwa na miaka mitatu, alizaliwa Ohio kati yako na Lyman, na jina lake sijaliandika tangu siku hiyo, ngoja kwanza nipumzishe mkono.

Kilikuwa kipindupindu. Mwaka ule barabara yote ilikuwa na kipindupindu. Asubuhi aliomba maji akanitania kwamba nimempa kidogo, na jua lilipozama alikuwa amekwisha. Sasa, desturi ya misafara ilikuwa hivi: humziki mtu kando ya njia. Tulikuwa tumeshaona makaburi ya kando ya njia, mbwa mwitu walivyoyafanya. Tuliona mfarishi aliofunikwa mtu kaburini umeburutwa majanini, mfarishi mzuri, wa vitambaa vya nyota, mama fulani aliushona. Kwa hiyo unachimba katikati ya barabara, mbele ya magari, kwenda chini sana. Unamweka, unafukia, unashindilia. Kisha msafara mzima unapita juu, gari kwa gari, mpaka pasijulikane kwamba mtu amewahi kuchimba.

Gari letu ndilo lilikuwa la mbele siku hiyo. Asa aliwaongoza maksai juu yake yeye mwenyewe. Nyuma yetu wakapita wengine wote, wanaume wamevua kofia, hakuna aliyepiga mjeledi. Tuliifanya kazi ile vizuri kuliko kazi yoyote tuliyowahi kufanya.

Kesho yake homa ikanishika, sikujua siku wala njia. Nilipoinuka nikamwambia Asa ageuze, nataka nimwekee jiwe, jiwe kubwa ambalo mbwa mwitu hawaliwezi. Akageuza. Watu wote wanakwenda magharibi, sisi peke yetu tunarudi mashariki, na kila anayekutana nasi anatucheka kwamba tumeogopa. Kila siku nilishuka nikatembea mbele ya maksai nikiitazama mitaro ya magurudumu, nikikwangua kwa kijiko pale nilipodhani. Bonde hili unalijua. Hakuna mti, hakuna jiwe, ni anga na majani tu. Alasiri moja Asa akawasimamisha maksai akasema, "Hapa, Kezia. Naukumbuka mkunjo huu wa mto."

Nikalala kifudifudi pale barabarani mpaka asubuhi. Kisha nikainuka, nikawasha mavi makavu ya nyati, nikaoka mkate. Gari likasimama, mtu akauliza kama tunauza. Hivyo ndivyo mlivyokuwa watu wa hapa.

Mteja yule aliniuliza nina watoto wangapi. Nikasema wawili. Lilitoka lenyewe, na nikaona kwamba mtu hakuuliza la pili, alichukua mkate wake akaenda. Basi nikaendelea hivyo. Na kila gurudumu lililopita tangu hapo nimelisikia tumboni, na kadiri yalivyopita mengi ndivyo nilivyochekesha watu. Nimesifiwa kwa uchangamfu kuanzia hapa mpaka California.

Juni 10

Lyman amewarudisha maksai wa Haskell. Plau ameiacha majanini.

Juni 13

"Siwezi kulima juu yake, Mama," amesema Lyman. "Na hapa hatuna cha kula." Ataondoka Jumatatu kwenda kwenye reli. Anasema atatuma chochote atakachopata. Wanasema kule watu wanafia chini ya vyuma kila wiki, na wanawazika pale pale kando ya reli. Nilitaka kumwambia hilo. Nikamfungia soksi.

Juni 15

Lyman ameniuliza alikuwa anafanana na nani.

"Na wewe. Ila yeye alicheka zaidi."

"Kama wewe, basi."

Nikaenda kutazama kuku.

Juni 16

Leo baba yenu ametuita mimi na Lyman nje, baada ya chakula cha mchana. Akatembea mpaka katikati ya barabara, akavua kofia. Nikadhani anataka tusali.

"Hayuko hapa," akasema.

"Nani hayuko?"

"Mtoto. Hapa si pale, Kezia."

Lyman akamtazama baba yake, akanitazama mimi. Nikasema, "Asa, jua limekupiga. Vaa kofia."

"Ulikuwa unachimba kwa kijiko. Vidole vinatoka damu. Huli, hulali, maziwa yamekauka, na huyu Lyman analia tangu asubuhi mpaka asubuhi. Permelia alikuwa amekaa garini haongei. Nikaona nitawazika wote. Pakatokea mahali pana maji na majani ya ng'ombe. Nikasema ni hapa."

"Na mkunjo wa mto?"

"Mto wote ni mikunjo."

Nilimtazama masikio. Yalikuwa na rangi yake ya kila siku. Nikakumbuka alasiri ile aliposimamisha maksai, jinsi masikio yake yalivyokuwa mekundu mpaka shingoni. Nilidhani ni jua.

"Yuko wapi basi?"

"Sijui. Magharibi huko. Pengine mwendo wa siku tatu, pengine zaidi. Tulimpita tukirudi na sikupajua, Kezia. Nilitazama kama wewe. Tulipafuta vizuri mno."

"Nimeuamkia mchanga mtupu," nikasema, "kila asubuhi, miaka kumi na saba. Nimemwambia usiku mwema. Ungeniambia."

"Lini? Ulikuwa umeanza kucheka."

Lyman alikuwa ameshika begi lake, amelifunga kwa ajili ya kesho. Asa akamgeukia akasema, na sauti yake haikuwa na nguvu hata kidogo, "Lima. Nimesema ili ulime."

Juni 17

Lyman hakuondoka. Simsemeshi Asa.

Juni 18

Simsemeshi.

Juni 20

Mvua kubwa. Analala zizini na maksai. Huldah anampelekea chakula na kurudi akinitazama kama jaji.

Juni 23

Nilikwenda kwa Nora. Ni Jumapili, nikamkuta kwenye uzio wake amepiga magoti anang'oa magugu. Nilibeba pai kwa sababu mikono mitupu siijui. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, mazuri, hata na kichekesho kimoja katikati. Nilipofika nikasema tu, "Mimi nilikuwa na mwingine. Na sijui yuko wapi."

Hakuuliza ilikuwaje. Aliuliza, "Jina lake nani?"

"Enos," nikasema.

Miaka kumi na saba neno lile halikuwahi kupita mdomoni mwangu, na lilikuwa dogo namna ile. Nikaanza kulia, na kwa kuwa sina mazoezi nililia vibaya, kama punda, mpaka kuku wa Nora wakakimbia.

"Polepole, Bi. Tuttle," akasema, amenishika mgongo. "Vuta pumzi kwanza. Mimi nimezoea, nitakuonyesha."

Nilikuwa nikimwona Nora mtu aliyeshindwa na maisha. Ana uzio. Anajua pa kupiga magoti. Nilikaa pale nikimwonea wivu mwanamke mwenye makaburi mawili.

Juni 27

Nilimwambia Lyman akawalete maksai. Mvua imelainisha juu kidogo, chini bado ni kama sakafu ya mawe. Lyman alikuwa na mjeledi, Asa alishika mikono ya plau, na mimi nikashika maksai wa mbele kwa pembe nikamwingiza barabarani mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine afanye.

Plau ilipouma, ardhi ililia. Ni ardhi iliyokanyagwa na nusu ya Amerika. Niliwaachia maksai nikawa natembea nyuma, kwenye mfereji, natazama kila pande la udongo linavyogeuka. Ndiyo, najua. Asa ameshasema hayupo. Nikatazama. Vikatokea kiatu cha chuma cha maksai, kijiko kilichopinda, kitasa cha sanduku, jino la farasi. Kila kilichotokea Lyman alisimamisha maksai bila kuambiwa, nikainama, nikatazama, nikasema, "Nenda."

Mwisho wa mfereji wa tatu Asa alikuwa ameanza kupinda.

"Vuta kushoto," nikamwambia.

Akavuta kushoto. Ndiyo maneno ya kwanza niliyompa tangu siku ile. Jioni alikuja kula mezani. Uongo ule ulinilaza chini nikiwa hai, na sijui kama nitamsamehe, lakini siku zile Lyman alikuwa analia kwa njaa na sasa amekaa hapa anakula viazi vya watu watatu.

Julai 4

Sikukuu ya taifa. Ng'ambo wanapiga bunduki. Nimeoka pai tatu, tumezila wenyewe.

Agosti 11

Joto. Udongo uliogeuzwa umekauka, mweusi. Watoto wanakimbia juu yake pekupeku. Asubuhi bado natoka kusema niliyozoea kusema. Sijui nageukia wapi, kwa hiyo nageukia magharibi.

Septemba 14

Lyman amemaliza kupanda ngano leo. Anatembea kama jenerali, ukimwona utafikiri yeye ndiye aliyeiumba mbegu.

Nora ametupa nafasi ndani ya uzio wake, kushoto kwa wanawe wawili. Nilimwambia hatuna cha kuweka. Akasema hajali, wanawe wamekaa wawili tu muda mrefu. Asa amechonga ubao kutoka kwenye mti wa lile gari letu la zamani. Nilimwomba mimi. Alichonga siku nne, herufi za jina ni nne, na ya mwisho imekaa upande kwa sababu macho yake hayakuwa yanaona vizuri. Chini yake hakuna kitu, majani tu. Nora amemsimulia mtoto habari za wiki kama wale wengine.

Kesho Lyman anavuka mto kulipeleka daftari hili kwenye treni, likufikie. Ukija kutuona na hao wanao, mtapitia ng'ambo kwa treni mkitoka huko kwenu magharibi, na saa nzima kabla ya kufika kwetu, au zaidi, utaona huku kusini mwa mto mstari mweupeweupe majanini. Ndiyo barabara yetu ya zamani. Watazamishe dirishani. Usihangaike kujua ni pale au ni pale, popote watakapotazama patafaa. Waambie mjomba wao alipenda maji na alikuwa mtani.

Ukurasa wa kwanza niliandika kwamba nimezaa watano, na kwamba hakuna mwanamke mwenye bahati kama yangu kwenye barabara hii. Si kweli. Nilizaa sita.